Mtiki unasoma unyevu wa asilimia 15: nipige sakafu sasa au nisubiri?

Kgb_Ujenzi: Wakuu, habari zenu. Sebule iko Kigamboni, ghorofa ya chini. Mbao ni mtiki, upana milimita 100, unene 20. Kipimo cha unyevu cha sindano mbili kinasoma 15. Jamvi (zege la sakafu) la sentimita 10 lina miezi miwili tangu limwagwe. AC itafungwa baadaye. Fundi anataka kugundisha wiki hii. Mnashaurije?

Msumeno: Mkuu, 15 si mbaya kwa Pwani kama chumba kinakaa madirisha wazi. Hewa yenye unyevu wa asilimia 75 hadi 80 huiweka mbao kwenye 14 hadi 16. Kinachobadilisha mambo ni AC: ikiwaka kila siku, unyevu wa hewa ukashuka hadi 50 au 55, mbao itateremka mpaka kama 10. Mtiki uliopasuliwa ubapa (uso mpana ukifuata miduara ya mti) husinyaa karibu asilimia 0.19 ya upana kwa kila asilimia ya unyevu inayotoka. Kwa tano, ubao wako unapungua karibu milimita 1, na mwanya huo utauona kwenye kila kiungo. Fungeni AC kwanza na iwashwe, mbao zipangwe humohumo zikitenganishwa kwa papi (vijiti vyembamba vya mbao) hadi namba iache kushuka.

ZegeKavu: Mimi naogopa jamvi kuliko mbao. Kadirio la mafundi ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5, kwa hiyo bado sana. Bandika nailoni sentimita 45 kwa 45, ziba pande zote kwa tepu, acha saa 16 au zaidi. Ukikuta matone, au zege limekoza rangi, simamisha kazi. Pakiwa pakavu usishangilie bado, unyevu wa chini huchelewa kupanda.

Ukigundisha juu ya zege bichi, mbao huvimba upande wa chini, kingo zinanyanyuka, katikati panabonyea. Hapo fundi akikimbilia msasa anaharibu kabisa: chini kukikauka, katikati ya kila ubao panabaki nundu.

Kgb_Ujenzi: Asanteni. Na kipimo chenyewe nikiamini?

Msumeno: Kagua kwanza kimewekwa kwa mbao gani, maana vingi hutoka kiwandani vikiwa vimepangiwa mbao laini. Kisha kata kipande, kipime uzito, kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103 hadi uzito ugome kushuka. Kikitoka gramu 57.5 hadi 50, maji ni 7.5, gawa kwa 50, unapata 15. Ukigawa kwa uzito wa mwanzo utapata 13 na kujidanganya.