Mjadala: Je, herufi za kwanza za mtoto ziandikwe kwa penseli au zibonyezwe kwenye kibodi?

Mtoa hoja (baba, Donholm): Tangu serikali ya Kenya ianze kugawa vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza mwaka 2016, nimekuwa nikijiuliza kwa nini mwanangu wa gredi ya kwanza angali anajaza kurasa nzima kwa herufi "a", ilhali kazi atakayoifanya ukubwani itamtaka apige chapa. Je, muda huo haungefaa zaidi kutumika katika kusoma?

Mwalimu wa gredi ya kwanza (Umoja): Ndugu mzazi, huko kuandika ndiko kusoma kwenyewe. Mtoto anayechanganya b na d husoma "baba" palipoandikwa "dada", na kumwonyesha herufi hizo mara kumi hakumsaidii sana, kwa kuwa machoni pake ni umbo lile lile lililogeuzwa. Anapoziandika ndipo zinapoachana: b huanza kwa mstari unaoshuka, tumbo likafuata, ilhali d huanza kwa tumbo. Kwenye kibodi, mwendo wa kidole ni mmoja kwa herufi zote. Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, waliwapa watoto wa miaka 5 hivi, ambao hawakuwa wamejua kusoma, herufi za kuandika wenyewe, za kufuatisha na za kubonyeza, kisha wakachunguza ubongo wao walipokuwa wakizitazama. Sehemu zinazotumika katika kusoma ziliamka kwa zile walizoandika wenyewe, si kwa zile nyingine. Kwa hiyo hata vile vitabu vya kufuatisha nukta tunavyowanunulia havitoshi. Heri "a" iliyopinda ambayo mtoto ameitoa kichwani mwake.

Mama wa watoto wawili (Kayole): Nakubali, mwalimu, lakini darasa la binti yangu lina watoto zaidi ya 60, na hakuna awezaye kutazama mikono yote hiyo. Binti yangu huandika kwa mkono wa kushoto. Alilazimishwa kutumia wa kulia mpaka akaichukia penseli. Tusitetee mwandiko bila kuwatetea watoto wanaoumizwa kwa ajili yake.

Mwalimu wa gredi ya kwanza (Umoja): Hilo la kulazimisha mkono ni kosa, mama, wala sina la kulitetea. Kuhusu wingi wa watoto, mimi huwatoa nje kwa mafungu, wakaandika mchangani kwa kijiti herufi moja tu ya siku hiyo, kubwa, nami nikipita nyuma yao naona kila mkono ulikoanzia.