Roland GR-55: pachi ya fidla inachelewa, haitelezi, na inatoa noti ambazo sikuzipiga

mpigagitaa_tanga

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mimi napiga gitaa katika kikundi cha taarab, na tangu mpiga fidla wetu alipohamia Muscat nimekuwa nikiziba pengo lake kwa Roland GR-55, mashine inayogeuza mtetemo wa gitaa kuwa sauti za ala nyingine, ambayo niliinunua mkononi mwa mtu ikiwa na pikapu ya GK-3 (kinasa mtetemo cha kufunga chini ya nyuzi) na kebo yake ya pini 13. Fidla zilizowekwa kiwandani hazikunifaa, kwa kuwa ama zinaanza kwa kishindo, ama zinavuta polepole mno hata kibwagizo kinaisha fidla haijaamka. Ndipo nikaanza kutengeneza pachi yangu mwenyewe, yaani mpangilio wa sauti unaohifadhiwa ndani ya mashine, nikakwama mahali patatu. Nikipiga uzi wa sita au wa tano, sauti inachelewa kiasi cha mpiga ngoma kunitupia jicho. Nikitelezesha kidole kutoka noti moja hadi nyingine, kama mpiga fidla anavyomfuata mwimbaji, sauti haitelezi bali inapanda ngazi, nusu toni kwa nusu toni. Tena ninapoinua vidole hujitokeza noti ambazo sikuzipiga. Je, kasoro iko kwenye pachi, kwenye pikapu, au mikononi mwangu?

fundi_wa_nyuzi

Wa aleikum salaam. Nakuomba usiguse pachi kwanza. GK-3 husikiliza kila uzi peke yake, na ikiwa imekaa vibaya, mashine itapokea habari za uongo ambazo hakuna pachi itakayozisahihisha. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho kabisa, kisha utazame nafasi iliyobaki kati ya uzi na pikapu: inatakiwa iwe milimita 1, na pikapu yenyewe isikae mbali na daraja kupita milimita 20. Mimi hutumia kadi ya benki iliyokwisha muda, ambayo unene wake ni kama milimita 0.76; ikipita ikiwa imelegea kidogo tu, basi umefika. Upime kila uzi, si wa kwanza pekee, maana pikapu hupenda kukaa upande.

Baada ya hapo ingia kwenye mipangilio ya GK ndani ya mashine. Kwa kuwa uliinunua ikiwa imetumika, kuna uwezekano mkubwa kwamba bado inabeba vipimo vya gitaa la mwenyewe wa kwanza. Ingiza urefu wa nyuzi za gitaa lako na umbali wa pikapu hadi daraja kwa kila uzi, kisha urekebishe usikivu wa uzi mmoja mmoja huku ukipiga kwa nguvu ile ile unayopigia jukwaani. Watu wengi hupima wakiwa wamekaa kitandani, wakipapasa nyuzi, halafu wanashangaa siku ya harusi.

sauti_ya_tatu

Aliyosema fundi ni sahihi, ila kuna jambo ambalo kadi ya benki haitalitatua. Uzi wa sita ukiwa wazi hutetemeka mara 82 kwa sekunde, maana yake mtetemo mmoja huchukua takriban milisekunde 12, ilhali uzi wa kwanza hutetemeka mara 330 na mtetemo wake huisha kwa milisekunde 3. Fidla unayoitumia ni sauti ya PCM, yaani sauti iliyorekodiwa, na mashine haiwezi kuiita kabla haijaitambua noti uliyopiga. Nayo haiwezi kuitambua noti kabla haijasikia angalau mtetemo mmoja kamili. Sauti za kuigizwa, zile zinazofinyangwa moja kwa moja kutokana na mtetemo wa uzi, hazina kungoja huko, lakini kwa fidla ya taarab mimi naona PCM inapendeza zaidi.

Sasa fikiria jambo hili: noti ya chini kabisa ya fidla ni ile ile ya uzi wako wa tatu ukiwa wazi. Unalazimisha fidla iimbe mahali ambapo fidla halisi haifiki! Ingia kwenye PCM, tafuta STRING LEVEL, uweke sifuri kwa uzi wa nne, wa tano na wa sita, kisha uziachie nyuzi hizo sauti ya pikapu ya kawaida ya gitaa. Utakuwa na fidla juu na gitaa chini katika pachi moja, na nusu ya zile noti za mzuka zitatoweka, kwa sababu nyingi huzaliwa na nyuzi nene zinazotikisika bila kuguswa.

Kuhusu kupanda ngazi, tazama CHROMATIC ndani ya PCM hiyo hiyo. Ikiwa imewashwa, kila kimo cha sauti husukumwa kwenye nusu toni iliyo karibu, jambo linalofaa kwa piano. Kwa fidla, izime. Bila kuizima hutaipata noti ya tatu ya maqam Rast (mojawapo ya ngazi za muziki wa Kiarabu), ambayo inakaa kati ya vibanzi viwili vya kinanda.

mzee_akodiani

Nakubaliana na mwenzangu, isipokuwa kwenye uzi wa nne. Mkono ukiwa juu shingoni, kifungu cha haraka huangukia uzi huo, na fidla ikikatika katikati ya sentensi ni aibu. Uupunguze tu. Halafu usitegemee PCM moja, kwani mashine inakupa mbili. Ya kwanza iwe fidla ya peke yake yenye mwanzo wa haraka. Ya pili iwe kundi la fidla, yenye mwanzo wa polepole, sauti ndogo zaidi, na kimo kilichopotoka kidogo sana. Okestra za taarab zilikuwa na fidla kadhaa zikipiga noti moja, na hakuna mbili zilizokubaliana kabisa. Utamu ulikuwa hapo. Muda wa sauti kuzimika baada ya kuinua kidole uufupishe, na mkono wako wa kulia ujifunze kuziba nyuzi zisizotumika.

mpigagitaa_tanga

Nashukuru sana. Nafasi kwenye uzi wa kwanza ilikuwa karibu milimita 3, na urefu wa nyuzi ulioandikwa ndani haukuwa wa gitaa langu. CHROMATIC ilikuwa imewashwa, nadhani kwa sababu nilianza kwa kunakili pachi ya piano. Uzi wa nne nimeuacha kwenye 50. Noti za mzuka zimebaki moja moja, na hizo nakiri ni za mkono wangu. Saa nzima ya kazi ya jana ilipotea kwa kuwa nilihamia pachi nyingine kabla ya kubonyeza WRITE, kitufe cha kuhifadhi, kwa hiyo PCM ya pili naijenga upya leo baada ya isha.

fundi_wa_nyuzi

Nafasi za kuhifadhi ziko 297. Hifadhi kila hatua kwenye nafasi yake, hata ile usiyoipenda.