Kondoo watatu wa Silver Blaze: Holmes alimaanisha nini?

Msomaji wa Makole
Wakubwa, shikamooni. Nimemaliza Silver Blaze, hadithi ya mpelelezi Sherlock Holmes ya Conan Doyle (1892), ile ya farasi anayetoweka Dartmoor, Uingereza, mashindano yakikaribia, na mkufunzi wake John Straker akakutwa amekufa. Habari ya mbwa asiyebweka nimeielewa: aliyeingia bandani usiku alikuwa mtu anayemjua. Kinachonisumbua ni kondoo. Holmes anamuuliza kijana mchungaji kama wana tatizo, anaambiwa watatu wanachechemea, basi anacheka na kusugua mikono. Kisha anamhimiza Inspekta Gregory ayaangalie sana maradhi hayo. Maradhi gani tena?

Mzee wa Bahi
Marahaba, mwanangu. Hakuna maradhi, Holmes anamtania Inspekta. Nimekuwa bwana mifugo huku Bahi mpaka nikastaafu. Kondoo akichechemea unamlaza ubavu, unapanua kwato: unatafuta mwiba, tope lililoganda, au ule uozo unaonuka hata kabla hujainama. Na uozo ukishaingia hauishii kwa watatu, hasa masika. Utapita nao zizi zima. Watatu tu, wenzao wazima? Hapo mimi natafuta mtu, siyo ugonjwa.

Sasa kumbuka kisu. Straker alikutwa na kisu chembamba cha kupasulia mtoto wa jicho. Nani anatoka usiku kumkabili mwizi na kidude kama hicho? Alitaka kumchanja farasi kano ya mguu wa nyuma, chini ya ngozi, alama isionekane, farasi ashindwe mbio na Straker avune hela za kamari. Alikuwa na mwanamke wa pembeni, tena wa magauni ya bei mbaya. Kazi nyeti namna ile huianzii kwa farasi wa tajiri, unajifunzia kwa kondoo. Farasi naye hakukubali, akamtwanga teke la kichwa.

Binti Chamwino
Shikamoo mzee. Mimi simwelewi huyo kijana. Kwetu ukinyamazia kondoo watatu wanaochechemea, jioni ugali huuoni!

Mzee wa Bahi
Marahaba. Angemwambia nani, binti yangu? Mkubwa wa pale ni huyo huyo Straker. Na alipoulizwa na mgeni alisema papo hapo, ila akaongeza kwamba si jambo kubwa. Polisi walikuwa hapo kabla ya Holmes, hakuna aliyemuuliza.