Kuni za miti ya ua wa zamani: je, zinafaa kuchomwa ndani ya nyumba?

Swali, kutoka kwa Mtunza Shamba

Ndugu zangu, naomba ushauri. Katika shamba ninalolitunza hapa Kansas kuna safu ndefu ya miti ya miiba iliyopandwa zamani kuwa ua, ile inayojulikana kitaalamu kama Maclura pomifera. Mingi imezeeka, matawi yameshikana, na baadhi ya miti imekufa ikiwa bado imesimama. Mwenye shamba ameniruhusu niikate kwa ajili ya kuni. Nyumbani nina jiko la chuma lenye mlango, na sebuleni kuna meko ya wazi. Nilipoweka vipande viwili kwenye meko, cheche ziliruka hadi kwenye zulia. Je, hiyo ndiyo tabia ya mti wenyewe, au kuni zilikuwa mbichi? Na ile iliyokufa, naweza kuichoma mara tu baada ya kuikata?

Jibu, kutoka kwa Fundi wa Majiko

Cheche ni tabia ya mti huu, na hata ukikauka vizuri utaendelea kupasuka na kuzirusha, kwa hiyo usiuchome kwenye meko ya wazi. Mahali pake ni jiko lenye mlango, na hata hapo ufungue mlango polepole, kwa sababu hewa inapoingia kwa ghafla ndipo cheche hutoka kwa wingi.

Kuhusu joto, ni vigumu kupata kuni zinazoushinda katika Marekani yote. Kilo moja ya kuni kavu hutoa joto linalokaribiana bila kujali aina ya mti. Tofauti ni kwamba mita moja ya ujazo ya mti huu, ikikauka, ina uzito wa takriban kilo 850, hivyo jiko lililojazwa huwa limebeba moto mwingi kuliko unavyodhani kwa kuutazama. Weka vipande viwili au vitatu juu ya makaa ya kuni nyepesi, kisha udhibiti hewa mapema. Jiko likiachwa lijiendeshe hadi chuma kikaanza kuwa chekundu, linaweza kupinda au kupasuka.

Iliyokufa ikiwa imesimama unaweza kuichoma msimu huu huu.

Jibu, kutoka kwa Mpasua Magogo

Nakubaliana na mwenzangu katika yote isipokuwa sentensi yake ya mwisho. Mti huu hauozi kwa urahisi, na ndiyo maana shina lililokufa miaka mingi huonekana zima na gumu. Lakini kutooza si kukauka. Matawi membamba yanaweza kuwa tayari, ilhali kiini cha shina nene bado kina maji. Pasua kipande, kisha uweke kipima unyevu kwenye uso mpya uliopasuliwa, wala si kwenye ncha ya gogo, ambayo hukauka kwanza na kukudanganya. Kikisoma chini ya asilimia 20, choma. Kikizidi hapo, panga kuni juu ya vipande vya mbao ili zisiguse ardhi, funika juu tu, na uache pembeni pakipitisha upepo. Kuni mbichi huacha masizi yenye lami kwenye bomba la moshi, na hayo ndiyo huwaka siku usiyotarajia.

Miti iliyo hai ipasue ingali mbichi, kwa maana ikikauka utapigana nayo kwa kabari na nyundo. Vaa glavu, kwani utomvu wake mweupe huwasha ngozi ya baadhi ya watu.

Mtunza Shamba

Nashukuru sana. Mnyororo wa chenso yangu huisha makali upesi mno. Je, ni ugumu wa mti peke yake?

Mpasua Magogo

Ugumu unachangia, ila mimi ningeshuku chuma kwanza. Ua huu ulipandwa kuzuia mifugo kabla ya seng'enge kuenea. Baada ya Joseph Glidden kupata hataza ya seng'enge yake mwaka 1874, uzio wa waya ulisambaa haraka, na wakulima wengi waliipigilia moja kwa moja kwenye miti hii. Mti huendelea kunenepa na kumeza waya pamoja na misumari, hata usione chochote kwenye gome. Kagua kwa kifaa cha kutambua chuma, hasa kati ya usawa wa magoti na kifua, au kata juu ya hapo kabisa. Yaangalie pia matawi yaliyoshikana na ya mti jirani kabla ya kukata shina, maana huweza kubaki yananing'inia kisha yakakuangukia.

Visiki vitachipua tena, kwa hiyo ua hautakufa. Ukikuta shina lililonyooka, usilichome. Lifanye nguzo, kwani nguzo ya mti huu hudumu ardhini kwa miongo kadhaa bila dawa yoyote, na kuni utazipata za kutosha kwenye matawi yaliyopinda.