Tupeane uzoefu: tangi la petroli lisipopumua kwenye magari ya zamani yenye mbio

DatsunMkongwe, Nairobi

Wakuu, heshima kwenu. Nimeona magari mazuri yakibadilishiwa pampu na kufumuliwa kabureta, na ugonjwa unabaki palepale kwa sababu hakuna aliyeuliza kama tangi linapata hewa. Lita moja ya petroli ikitoka, lita moja ya hewa lazima iingie. Ikikosa njia, pampu inavuta mpaka inashindwa. Jua likiwaka hutokea kinyume: mvuke unataka kutoka, na usipopewa njia salama utajitafutia, mara nyingi ndani ya gari ulimokaa wewe na watoto.

Naanza na yangu. Nina Datsun 240Z ya 1972, ndugu wa zile zilizoshinda Safari Rally 1971 kwa mkono wa Edgar Herrmann na 1973 kwa mkono wa Shekhar Mehta. Ilikuwa inanuka. Sasa kwenye gari hizi kuna harufu mbili, tusizichanganye. Ikinuka moshi ukiwa mwendoni na madirisha wazi, kagua mpira wa mlango wa nyuma, maana upepo unazunguka nyuma ya gari na kuurudisha moshi ndani. Ikinuka petroli mbichi gari likiwa limeegeshwa juani na tangi limejaa, shuku mfumo wa kupumulia.

Yangu ilikuwa ya pili. Tulifungua ubao wa pembeni kule nyuma, upande wa mdomo wa kujazia. Mle ndani kuna kitangi kidogo cha chuma kinachopokea mvuke na petroli inayotanuka kutoka tangi kubwa, halafu mvuke unaenda mbele kuchomwa na injini. Mipira ya kupitishia mvuke huo ilikuwa ileile ya kiwandani. Niliukunja mmoja kwa vidole, ukafunguka nyufa mzunguko mzima, na unga mweusi ukabaki mkononi. Tulibadilisha yote, si ule mmoja tu, kwa sababu imezeeka pamoja. Harufu imekwisha kabisa.

Leteni yenu.

Mteremko, Arusha

Asante mkuu kwa uzi huu, umenigusa. Mimi natembelea Impreza ya turbo ya miaka ya tisini. Mjini haina neno. Ukiitoa kwenda Moshi na kuikanyaga, baada ya muda inaanza kumisi, pampu inalia mluzi kule nyuma, mwisho inazima. Ukisubiri robo saa inawaka vizuri kana kwamba haikuwa na tatizo. Fundi wa kwanza akasema pampu, nikanunua. Wa pili akasema koili.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja ambaye hakushika hata spana. Aliniambia nikiona inaanza kumisi nisimame pembeni, nizime, nifungue mfuniko wa tangi polepole huku nasikiliza. Ilivuta hewa kwa nguvu, fyuuu, kisha chini ya gari bati likagonga. Tangi lilikuwa limebonyea kama chupa ya maji iliyofyonzwa, sasa likarudi kwenye umbo lake. Ndiyo maana hata geji ya mafuta ilikuwa inadanganya.

Tukafuata paipu ya hewa hadi mwisho wake. Nyigu wa udongo walikuwa wamejenga mle ndani. Tulikwangua kwa waya, ukatoka udongo mkavu na vipande vya mabuibui waliowawekea watoto wao. Siku ileile nikairudisha barabarani, haijamisi tena. Kwa wenye gari zinazolala wiki nzima uani bila kuwashwa: kagueni tundu hilo kwanza kabla ya kununua kitu chochote.

FundiNguvumali, Tanga

Naongezea kwa alichosema Mteremko, maana kusikiliza mfuniko ni kipimo kizuri ila lazima ujue unasikia nini. Ikivuta kuingia ndani, tangi linakosa hewa. Ikipuliza kwenda nje, mvuke umekosa njia. Kupuliza kidogo kwenye joto ni kawaida kwa mifumo iliyofungwa, usianze kufumua gari. Na fungua mbali na sigara na moto, injini ikiwa imezimwa.

Onyo langu kubwa ni la kompresa. Nimeletewa tangi lililotutumka kwa sababu kijana alitaka kuzibua paipu kwa upepo wa kompresa akiwa amefunga mfuniko. Piga hesabu: upande wa tangi wenye sentimita 60 kwa 80 ni sentimita za mraba 4,800. Ukiweka presha ya nusu baa tu, nguvu inayosukuma upande huo inazidi tani 2. Bati lile halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Chomoa paipu pande zote mbili, ndipo upulize paipu peke yake, taratibu. Wala usiinyonye kwa mdomo. Petroli ikiingia mapafuni ni hospitali moja kwa moja.

BintiTudor, Mombasa

Shikamooni wakubwa. Mimi na kaka yangu tunaandaa Escort Mk2 kwa mashindano. Tulipoinunua ilikuwa imeshawekewa tangi la mbio ndani ya buti, kazi inang'aa kwa macho. Nikainua zulia. Paipu ya hewa ilikuwa imeishia palepale ndani ya buti, kando ya betri. Nilitetemeka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, haupandi ukaenda zake, unatuama chini kwenye sakafu. Cheche moja ya kichwa cha betri ingetosha.

Hivi ndivyo tulivyoirekebisha. Paipu inatoka juu kabisa ya tangi na kupanda. Inavuka juu ya tangi kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha inashuka na kutokea nje chini ya gari, mbali na ekzosi. Kule kuvuka kuna sababu yake: gari likilala ubavu wowote, kipande fulani cha paipu kinabaki juu ya usawa wa petroli, kwa hiyo haimwagiki. Mwanzoni, karibu na tangi, tukaweka valvu ya gololi. Gari likipinduka, gololi inaangukia tundu na kuliziba. Mwishoni tukaweka kichujio kidogo, kinazuia vumbi na hao nyigu wa Mteremko.

Wanaofunga matangi ya namna hii, nawasihi: msiishie kwenye uzuri wa rangi na mabomba. Fuateni hiyo paipu kwa mkono mpaka muone inapoishia.

Mlima, Dodoma

Wakuu, swali. Huku tunang'olewa kanista ya mkaa tukiambiwa inakula nguvu za injini. Kuna ukweli?

FundiNguvumali, Tanga

Hakuna. Mkaa ule unashika mvuke gari likiwa limesimama, injini ikiwaka inauvuta na kuuchoma. Hauibi nguvu. Marekani walianza kuyadhibiti mambo haya mwanzoni mwa miaka ya sabini, na gari za mbio zilitembea nao vizuri.

Ila kwa turbo sikiliza. Kati ya manifoldi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini) na kanista kuna valvu ya njia moja. Turbo ikipuliza, manifoldi inageuka kuwa na presha, na bila valvu hiyo presha inarudi hadi tangini. Nilipokea gari limeng'olewa kanista na valvu yake, paipu zikaunganishwa moja kwa moja. Mwenyewe analalamika mfuniko unapuliza kila akifungua. Tulirudisha vyote viwili, ikatulia.

DatsunMkongwe, Nairobi

Asante fundi. Niongeze jambo la wanaopanda kutoka Pwani. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa ya huku ina presha pungufu karibu sehemu moja ya tano. Tangi ulilojaza Mombasa litataka kutoa pumzi njiani. Ukishuka, litataka kuvuta. Vilevile petroli inatanuka kama asilimia 1 kwa kila nyuzi 10 za joto. Lita 60 zilizojazwa asubuhi ya baridi zikipata joto la nyuzi 20 zaidi, ni lita moja na kidogo inayotafuta mahali. Pampu ya sheli ikijikata yenyewe, inatosha. Msimruhusu kijana akaongeza "ya kufunga hesabu" mpaka mdomoni. Anaijaza paipu ya kupumulia.

Mteremko, Arusha

Na mipira gani mnatumia? Dukani nimepewa ule mweupe unaoonyesha ndani.

BintiTudor, Mombasa

Huo rudisha, kaka. Petroli inaufanya kuwa mgumu, kisha unapasuka. Tafuta ulioandikwa ubavuni SAE 30R7, au 30R9 ambao unazuia zaidi mvuke usipenye. Usichukue mpira wa maji hata ukiwa unatoshea. Na vibano viwe vile laini visivyo na matundu kwenye mkanda, maana vyenye matundu vinakata mpira ukivikaza.