Mkazo kwenye kona ya weldi unapanda kila nikipunguza meshi (vipande vidogo ambavyo programu hugawia umbo ili kukokotoa). Mguu wa mm 6 unatosha?

Karakana01: Wakuu, habari. Nina breketi ya pleti mm 10, chuma S235 (daraja la chuma cha kawaida), inachomelewa kwenye flenji (ubao wa nje) ya nguzo kwa mishono miwili ya wima, kila mmoja mm 150, mguu (upana wa upande wa mshono) mm 6. Mzigo wa kN 20 uko mm 200 kutoka kwenye mshono. Kwenye FreeCAD (programu ya kuchora na kukokotoa), meshi ya mm 4 inanipa MPa 180, ya mm 2 inatoa 260, ya mm 1 inatoa 410. Nishike ipi?

Mishono: Usishike hata moja, mkuu. Kwenye kona kali ya ndani mkazo hauna kikomo kihesabu, utaendelea kupanda kadiri unavyosaga meshi. Achana na kile chekundu (rangi ya mkazo wa juu kwenye picha), soma kani: chukua kani za nodi (pointi za meshi) kwenye mstari wa mshono, ugawe kwa urefu upate N/mm. Halafu kagua muunganisho. Ukiyaunganisha maumbo yote kuwa kitu kimoja, pleti inaganda nzima kwenye nguzo na weldi haibebi karibu chochote. Acha mwanya wa mm 0.1 nyuma ya pleti ili mzigo upite kwenye mshono tu.

Kipimio: Hakiki kwa mkono. Koo (unene mdogo kabisa wa mshono) = 0.7 × 6 = mm 4.2. Toa koo moja kila ncha, urefu unabaki mm 141. Momenti 4,000,000 Nmm ÷ (2 × 141² ÷ 6) = 604 N/mm. Mkato 20,000 ÷ 282 = 71. Kwa pamoja, kwa kanuni ya Pythagoras, 608. Uwezo kwa EN 1993-1-8 (kiwango cha Ulaya cha viungo vya chuma), 360 ikiwa nguvu ya kukatika ya S235: 360 ÷ (√3 × 0.8 × 1.25) = 208 N/mm², mara 4.2 ni 874. Inapita. Ila hiyo kN 20 umeshaizidisha kwa kigezo cha mzigo (kizidishi cha usalama)?

Karakana01: Bado, ni mzigo halisi.

Kipimio: Basi haipiti. Mara 1.5 unapata 912, imezidi 874. Nenda mguu mm 8: koo 5.6, mahitaji 941, uwezo 1,165.

Mishono: Pleti ikae mkabala na ubavu wa katikati wa nguzo, ikiwa pembeni, flenji inapinda na hesabu hiyo haifai tena. Kama ni mzigo wa winchi, unaopanda na kushuka, pima pia uchovu (chuma kupasuka kwa mizigo inayorudiarudia): soma mkazo mm 4 na mm 10 kutoka ukingo wa mshono, kisha 1.67 × wa kwanza − 0.67 × wa pili. Na kwenye mchoro andika z8 (z ni mguu, a ni koo), usiandike 8 tupu. Ukiandika 5.6 bila herufi a, fundi atapima mguu, na karibu 30% ya koo imepotea.