Naomba ushauri: konsentreta ya oksijeni, tatizo ni zeolaiti au kompresa?

Wakuu, habari za kazi. Nafanya ufundi wa vifaa tiba kwa vibarua, nazungukia vituo vya afya huku Pwani. Kuna konsentreta (mashine ya kuchuja oksijeni kutoka hewani) ya lita 5 kwa dakika imenikwamisha: kwenye lita 2 kwa dakika inatoa oksijeni asilimia 91, ukipandisha hadi lita 5 inashuka mpaka 76 na taa ya njano inawaka. Wodi ya watoto inaitegemea, kwa hiyo sitaki kubahatisha.

Nimeosha filta ya sponji, nimebadilisha ile ya kuingizia hewa, nimepaka povu la sabuni kwenye viungio vyote na hakuna panapovuja. Vali ya kupeleka hewa kwa zamu kwenye mitungi miwili ya zeolaiti inabadilisha upande sawasawa. Mashine ilikaa stoo muda mrefu bila kuwashwa, na unyevu wa huku mnaujua, ndiyo maana nashuku zeolaiti (zile chembechembe zinazonasa naitrojeni ili oksijeni ipite) imenyonya maji. Lakini presha nayo haifiki kiwango cha kwenye kitabu, na zeolaiti iliyoziba kwa kawaida huipandisha, kwa hiyo huenda ni kompresa imechoka.

Je, nipimeje kompresa peke yake kabla kituo hakijanunua mitungi miwili ya zeolaiti? Na nikibadilisha sili za pistoni tu, inatosha, au ninunue kompresa nzima?

Natanguliza shukrani.